Mteja Asiyehama

Kuku watatu na jogoo mmoja walikuwa wanakunywa maji ndani ya dishi lake.

Mnara alisimama uani kwa fundi cherehani, ngazi begani, mkoba wa spana mkononi, akawatazama wanavyoinamisha vichwa na kuviinua. Dishi lilikuwa lake, hapakuwa na ubishi. Alilijua kwa kovu la ukingoni, pale lilipojigonga kwenye jiwe siku alipolishusha kutoka kwenye pikipiki, na kwa namba moja aliyoiandika mgongoni kwa rangi nyekundu. Fundi huyu ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Tangu juzi asubuhi jina la fundi cherehani lilikuwa linawaka jekundu kwenye kompyuta ya Mnara, naye kwa siku mbili alikuwa hali akashiba: labda panya wametafuna waya, labda upepo umelipindua dishi, labda radi. Alikuwa amepanda kilima chenye mlingoti wake na kukishuka akitafuta ugonjwa, kumbe mgonjwa alikwishahamia hospitali nyingine.

Alipoinua macho akaiona. Sahani nyeupe ya intaneti ya setilaiti, bapa, mpya, imelala chali juu ya bati ikitazama mawingu, haina habari na kilima wala na mtu.

"Karibu, Mnara," alisema fundi cherehani kutoka mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Nilikuwa nikupigie simu."

"Lini?"

"Leo. Au kesho. Si unajua kazi zilivyobana." Aliishika futi yake, akaivuta, akaiachia. "Watoto ndio walionisumbua. Wanasema ile nyingine inakimbia."

"Ikizima utampigia nani? Utayapigia mawingu?"

Fundi cherehani alianza kuikunja futi yake.

"Na dishi langu?"

"Nilitaka kukurudishia, ndugu yangu, haki ya Mungu. Ila kuku wamelipenda."

Mnara alicheka, hata yeye hakujua kwa nini. Aliyamwaga maji, kuku wakatawanyika wakilalamika, akalifuta dishi kwa kiganja na kulifunga nyuma ya pikipiki. Mwenye nyumba akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

Jina la Mnara hakupewa na wazazi wake. Alilipata miaka tisa iliyopita, baada ya kampuni kubwa za simu kutuma watu wao wenye mashati yaliyonyooshwa kwa pasi kuja kulitazama bonde. Walihesabu mapaa, wakasema watu ni wachache, pahala hapa hapalipi, wakapanda gari lao na kuondoka. Yeye alikuwa fundi redio. Aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake, yeye na mkewe wakabeba saruji kwa vichwa hadi kilimani, ndoo kwa ndoo, wakasimamisha mlingoti wa chuma ambao ng'ombe waliukimbia kwa wiki nzima. Intaneti aliinunua kwa jumla kwa kampuni moja ya mjini, akaidaka kwa dishi kubwa, akaigawa kwa madishi madogo nyumba hadi nyumba, mpaka zikafika nyumba mia moja na kumi na mbili. Ofisi ya huduma kwa wateja ilikuwa jikoni kwake, na mhudumu alikuwa mkewe mwenye simu ya vitufe na jibu moja tu: "Zima, hesabu mpaka thelathini, washa." Mara nyingi lilitosha. Bonde likambandika jina la Zima-Washa, naye akaliitikia bila kinyongo.

Walikuwa wanajulikana, na Mnara alipenda kujulikana. Alijua nani ana mtoto wa chuo, nani anauza nguo kwa picha, nani anaangalia mpira akidai anasoma. Mtu akikwama alipanda juu ya paa lake hata mvua ikiwa inanyesha. Hivyo sahani zilipoanza kuingia bondeni, hakuogopa. Alisema watu hawamwachi mtu kwa ajili ya kitu. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki wala hakikuwa kidonda. Kilifanya kazi. Kila wiki majina mawili matatu yaligeuka mekundu kwenye kompyuta yake, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumwambia, bwana, tulikuwa nawe, sasa tunakwenda. Aligundua kwa kupanda ngazi na kukutana na sahani uso kwa uso. Akufukuzaye hakwambii toka, walisema wahenga, ila Mnara aliona afadhali angeambiwa.

Na wala hawakuacha kupiga simu. Hilo ndilo lililomtia nyongo kuliko yote. Sahani ya mtu ikigoma, kampuni yake iko angani na haina mlango wa kubisha, basi anampigia Zima-Washa. Mama huyo anajifuta mikono kwa kanga, anasema, "Zima, hesabu mpaka thelathini, washa," na sahani inawaka.

"Kwa nini unawajibu?" Mnara alimfokea mkewe siku moja.

"Wameuliza."

"Si wateja wetu!"

"Ni majirani zetu," alisema mkewe, akageuza chapati. "Wewe, baba, unachukia sahani au unachukia watu kuondoka bila kuaga? Maana ni mambo mawili."

Mkewe alikuwa na tabia ya kugusa palepale panapouma na kuendelea kupika.

Wateja walipobaki kumi na tisa, kampuni ya mjini ilimwandikia. Barua ilikuwa ya adabu kabisa, ilimwita mshirika mpendwa, na ilisema kwamba kiasi anachonunua kimeshuka chini ya kile wanachokubali kuuza. Mwisho wa mwezi watamkatia. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena kana kwamba kukaa kungeibadilisha.

Yeye hakutaka kuwa kama wao. Aliamua kwenda kuaga nyumba moja moja, ili angalau mtu mmoja bondeni afanye jambo kwa ustaarabu. Wengine walimpa pole ya kweli. Muuza nafaka alimkumbatia, na kwa juu ya bega lake Mnara akaliona boksi la sahani nyuma ya magunia, bado halijafunguliwa. Mwalimu mkuu alitoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Mwingine alisema, "Afadhali, maana nilikuwa naona haya kukuacha," akaona amesema zaidi ya alivyokusudia, akakaribisha chai. Nyumba kumi na nane alizimaliza kwa siku mbili, na kila alipotoka mlangoni alihisi kama mtu aliyetembezwa kwenye msiba wake mwenyewe.

Nyumba ya kumi na tisa hakwenda. Ilikuwa nyumba ya Mama Mkunga.

Lazima ieleweke jambo moja kuhusu intaneti ya Mnara: ilitaka kuonana. Dishi la nyumba sharti liuone mlingoti wa kilimani ana kwa ana. Tawi likipita katikati, maneno yanakatika. Mti ukisimama katikati, ndiyo basi tena. Na wakati ule anaanza, upande mzima wa chini wa bonde, nyumba arobaini na ushei, ulikuwa umezibwa na mistari miwili ya mikaratusi iliyosimama shambani kwa Mama Mkunga. Miti kumi na minne, minene, iliyopandwa na marehemu mumewe mwaka walipohamia pale. Mama Mkunga alikuwa amepokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa bonde lile, wa Mnara wakiwemo. Hapakuwa na mtu wa kumlazimisha jambo.

Mnara alimwendea kofia mkononi. Alimwambia kuhusu zile nyumba arobaini. Alimwambia pia kuhusu binti yake wa pekee, aliyekuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya bahari mbili, kwamba ataweza kumwona uso kila siku akitaka. Bibi yule aliitazama miti yake kitambo kirefu.

"Na hiyo intaneti yako, itakaa?"

"Mama, mimi nikiwa hai hutaikosa. Na hutalipa hata senti. Hilo ni neno langu."

"Haya," alisema. "Kateni."

Ilikatwa kwa siku tatu. Aliwapikia uji wakata miti, akawapelekea mwenyewe, na hakutoka tena nje mpaka walipomaliza.

Ahadi ni deni; hilo kila mtoto hulijua. Lakini deni la kawaida unaweza kumwomba mwenyewe akuongezee muda, na Mnara hakuona namna ya kumwomba Mama Mkunga amrudishie neno lake. Usiku hakulala, mchana hakula vizuri. Wateja wote walimwacha au walikuwa mbioni kumwacha, isipokuwa huyu ambaye yeye ndiye alikuwa anamwacha. Ikiwa angevunja hili, basi hakuwa na haki ya kumlaumu fundi cherehani wala kuku wake.

Siku ya tatu aliingia kwa Bei Poa.

Bei Poa aliuza kila kitu kuanzia magodoro hadi sumu ya panya, na sasa maboksi ya sahani yalikuwa yamepangwa kwenye duka lake mpaka yakagusa feni. Alikuwa mtu mcheshi, mdogo kwa Mnara kwa miaka kumi. Mara mbili alikuwa amemwomba amfanyie kazi ya kufunga sahani, na mara zote mbili Mnara alikuwa ametoka bila kujibu.

"Kaka Mnara! Leo jua limechomoza magharibi."

"Nataka moja," alisema Mnara, akionyesha kwa kidevu.

Bei Poa hakucheka. Ni jambo ambalo Mnara alimshukuru kwalo baadaye, kimoyomoyo.

"Ya kwako?"

"Ya mtu. Nina betri nne za mnara, nzima. Chukua hizo. Na ada ya kila mwezi ya nyumba hiyo utaikata kwenye kazi."

"Kazi gani?"

"Ile uliyoniambia."

"Ahaa." Bei Poa aliegemea kaunta. "Kaka, sikufichi, nimekusubiri sana. Wale watu wangu wanatoboa bati kama wanachimba kisima. Mvua ikinyesha, ninayetukanwa ni mimi. Wewe mapaa ya hapa unayajua."

"Yote."

"Kwa miezi mingapi hizo ada?"

"Mpaka mwenyewe afe. Au mimi."

Bei Poa alimkodolea macho. Kisha akainama chini ya kaunta na kuibuka na fulana ya buluu iliyokunjwa, yenye picha ya sahani kifuani na maneno ya kujisifu mgongoni. "Hii ni lazima," alisema kwa upole. "Kampuni inataka picha kila tukifunga."

Walikwenda kuuzima mnara, yeye na mkewe, asubuhi ya siku iliyofuata. Hakutaka kungoja akatiwe. Kibanda cha betri kilikuwa na joto na harufu ya vumbi lililoungua. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinapepesa kama kawaida, hazijui. Alifungua nati ya kwanza, akachomoa waya. Taa zikazima zote kwa mpigo. Mle kibandani palikuwa na mngurumo mdogo ambao Mnara hakuwahi kujua kwamba anausikia, mpaka ulipokoma.

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkokoteni, alianza kuhesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Ulimi wake ulikuwa umezoea. Alifika kumi na moja, akagundua anachofanya, akanyamaza. Walizibeba betri nje bila kutazamana.

Jumapili, mchana kweupe, alisimamisha pikipiki kwa Mama Mkunga. Fulana ya Bei Poa alikuwa ameivaa, maana kutoka hapo alitakiwa kwenda nyumba nyingine mbili, ila aliigeuza ndani nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umevaa nguo kinyume."

"Nilitoka na haraka."

"Mm." Alimkaribisha kiti. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. "Siku nne hizi simu yangu haisemi kitu."

Mnara hakukaa. Aliona akikaa hatalisema. "Mama, mnara nimeuzima. Watu wamehama, na kampuni ya mjini haikutaka tena kuniuzia. Nilipaswa kuja kabla, nikashindwa. Lakini neno langu halijazimika." Aliliweka boksi mezani. "Hii ni badala yake. Hutalipa kitu, leo wala kesho."

Mama Mkunga alilitazama boksi, kisha akamtazama yeye, kwa yale macho yaliyokuwa yakitazama wanawake wa bonde zima na kujua ni saa ngapi zimebaki.

"Na nani analipa?"

"Ni utaratibu wangu."

"Haya. Panda."

Alipanda. Bati la nyumba ile alilijua kama kitanda chake. Dishi lake la zamani lilikuwa bado pale, kwenye mlingoti wake mfupi, likikikodolea macho kilima kisichosema. Alifunga sahani pembeni yake, akaziba kila tundu la msumari kwa lami, akateremsha waya. Hakuhitaji kuilenga; alichowahi kukifanya kwa nusu siku, kwa dira na jasho, kitu hiki kilikifanya chenyewe kwa dakika kumi, kikijigeuza kidogo kidogo kama mtu anayetafuta usingizi.

Bibi alikuwa chini, kiganja usoni kuzuia jua.

"Sasa hiyo yenyewe inaangalia wapi?"

"Juu, mama. Inaangalia juu tu."

"Haiangalii kilimani?"

"Haiangalii kilimani."

Bibi alikishusha kiganja. Nyuma yake visiki vilivyopakwa dawa visichipue vilikuwa vimeshazeeka, vingine vimeotwa na magugu. Mnara alijua swali linalofuata na alitamani asiwepo.

"Kwa hiyo ingekuwa hii tangu mwanzo, miti ingekuwepo."

"Ingekuwepo, mama."

"Haya," alisema Mama Mkunga. "Kilichokatwa kimekatwa. Kuni zake zilipika vizuri."

Akaingia ndani. Mnara alishuka ngazi polepole, akaingia kumwekea namba za siri kwenye simu. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameishika simu, yeye ndiye aliyebonyeza jina la binti. Iliita mara moja tu. Uso ukatokea, mzima, mkubwa, angavu, mpaka hereni zikaonekana zinacheza. Alimpa mama simu, akarudi nyuma hatua mbili, akajiandaa kuifurahia kazi yake. Alistahili hilo, alifikiri. Neno lilikuwa limetimia.

"Mama!" Binti alipiga kelele. "Mama, nakuona! Naona mpaka mikunjo!"

"Mikunjo ni ya kukusubiri wewe."

"Umekubali! Miaka miwili nakubembeleza nikulipie sahani, miaka miwili unanipiga chenga. Imekuwaje? Umemwacha hatimaye yule mtu wako wa mnara?"

"Hebu subiri kwanza—"

"Hapana, Mama, leo acha niseme, maana leo utanisikia. Ile haikuwa intaneti, ilikuwa adhabu. Nimekutumia simu tatu! Kila nikikwambia hukamatiki unaniambia simu imezeeka. Ya tatu ilipofika ndipo nikajua unanidanganya. Mtoto wangu alipozaliwa, nikamshika pale nikuonyeshe, wewe uliyepokea watoto wa watu wote, uliona nini? Niambie leo. Uliona nini?"

Mama Mkunga alipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba.

"Uliona dari. Picha iliganda kwenye dari ya hospitali, mimi huku nalia, nasikia unasema, 'Nimemwona, mzuri, Mungu amkuze.' Ulikuwa unaisifu dari, Mama."

Siku ile Mnara aliikumbuka. Mama Mkunga alikuwa ametoka mwenyewe mpaka barabarani, amemsimamisha kwenye pikipiki, akamwambia, "Nimemwona mjukuu wangu, mwanangu, ubarikiwe." Na yeye aliichukua baraka ile akaitembeza bonde zima. Aliisimulia sokoni, kwenye vikao, kwa kila mteja aliyenung'unika kuhusu kasi. Mnasema intaneti yangu ni mbovu? Muulizeni Mama Mkunga alimwonaje mjukuu wake. Na watu walipokwenda kumuuliza, lazima walikwenda, bibi huyu aliwajibu nini?

"Fundi yuko hapa," alisema Mama Mkunga kwa sauti ya kawaida. "Yeye ndiye aliyeileta hii."

Simu ikawa kimya, na safari hii haikuwa imeganda. Nywele za binti zilikuwa zinapeperushwa na feni.

"Shikamoo, fundi," alisema hatimaye, sauti imemshuka.

"Marahaba."

"Nisamehe. Sikujua kama..."

"Hapana, hapana. Endeleeni na mazungumzo yenu."

Alitoka mpaka barazani, akasimama akiuangalia mkoba wake wa spana. Nyani haoni kundule. Miezi yote hii alikuwa akiwahesabia watu usaliti wao, mmoja mmoja, kwa majina, na hakuwahi kujiuliza wamekaa naye miaka tisa kwa sababu gani. Alidhani wamempenda. Labda walimvumilia. Labda fundi cherehani naye alikuwa na dari yake aliyoisifu.

Mama Mkunga alimfuata, simu kaiegemeza kifuani, kiganja juu yake.

"Usimsikilize sana. Ana maneno kama baba yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungekisogeza kilima?"

"Ningejua."

"Ungejua," alikubali bibi. Alimtazama kwa huruma, na Mnara akaona bora angetukanwa. "Uliniambia ukiwa hai sitakosa. Sikukosa. Nilipata kidogo. Wewe ulinipa neno lako, mimi nikakupa miti ya mume wangu. Sasa nije nikwambie kwamba havikulingana? Halafu sote wawili tungebaki na nini?"

Bibi hakungoja jibu. Alikuwa ameshaanza kurudi ndani. Mlangoni akageuka.

"Na lile dishi lako bovu uling'oe, lisije likaniangukia kichwani."

Alipanda tena. Jua lilikuwa limelichemsha bati mpaka likauma kupitia suruali. Alipiga magoti kando ya mlingoti wake mfupi, akaweka spana kwenye nati ya kwanza na kuivuta. Nati ilikuwa imekula kutu. Ililia kilio kikali kilichopita kwenye bati lote, na chini yake, chumbani, vicheko vikakatika.

"Ngoja, hapo sijakusikia," ilisema sauti ya Mama Mkunga. "Rudia. Mtoto amesemaje?"

Mnara aliitoa spana kwenye nati. Aliiweka juu ya paja, taratibu, isiguse bati, akakaa.

Chini waliendelea. Walizungumza juu ya jino la mtoto, juu ya bei za vitu, juu ya shangazi fulani aliyegombana na kila mtu. Mmoja alidakia maneno ya mwingine, wakacheka pamoja, kwa wakati mmoja, kama watu waliokaa mkeka mmoja. Miaka yote, kila alipopita barabara ile na kuisikia sauti ya Mama Mkunga ndani, kulikuwa na neno moja lililorudiwa kuliko mengine yote: unanisikia? Unanisikia, mwanangu? Alikuwa akilipita akitabasamu, akidhani ndiyo raha ya wazee, kupiga kelele kwenye simu.

Sasa alitega sikio kulisubiri. Nyumba mbili zilikuwa zinamngoja, na Bei Poa alikuwa anataka picha. Alikaa pale na fulana yake ya kinyume, jasho likimtiririka mgongoni, akisubiri wasikizane vibaya mara moja tu. Jua lilimhama usoni, likamhamia kisogoni, na neno lile halikusemwa.